Wino wa Zafarani, Wino Mwekundu

Mama yangu alijua kusoma. Alihitimu chuo cha Kurani kabla hajavunja ungo, na daftari la upatu wa mtaa wetu aliliandika yeye mwenyewe kwa miaka mingi: nani katoa, nani bado, zamu ya nani Ijumaa ijayo. Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba pale kwetu Tanga wakiwatafuta wasiojua kusoma. Mama akatoa daftari lake. Kijana aliyeshika orodha akalipokea, akalifungua kinyume, akaligeuza, akalirudisha kwa adabu, kisha akaandika kwamba mama huyu hajui kusoma.

Kisa hicho nilisimuliwa, maana nilikuwa mchanga mno kukikumbuka. Matokeo yake niliyaishi. Nilipokwenda shule ya bweni, barua zangu alisomewa na mtoto wa jirani, amesimama mlangoni na sare yake, mama akisikiliza huku anachambua mchele. Mimi nililijua hilo, kwa hiyo niliandika yale tu ambayo mtoto wa jirani angeweza kuyatamka. Mimi sijambo, hofu ni kwenu. Homa iliyoniangusha, usiku wa kwanza ambao sikulala, fimbo nilizopigwa bila kosa, hayo hayakuingia kwenye bahasha. Kati yangu na mama palikaa kinywa cha mtu wa tatu.

Ndiyo maana nikisoma vitabu vinavyosimulia wazazi na watoto waliopelekwa shule, hainitoshi kauli iliyozoeleka ya wahakiki kwamba shule humtenga mtoto na kwao. Humtenga, ndiyo. Mimi hulitafuta neno la mzazi. Kila mzazi ana jambo alilokusudia kumpokeza mwanawe, awe amelitunga kwa vina au amelifumbata moyoni tu. Mtoto akishaingia darasani, jambo hilo huenda wapi?

Tuanze kwetu. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu na mgonjwa wa mwaka mzima. Utendi huo hujadiliwa sana kwa yale unayomwagiza binti kuhusu mume, na wasomaji wengi wa leo hukwama hapo, wengine kwa hasira. Siwalaumu. Lakini tazameni unavyoanza. Mama anamwita binti asogee, aketi karibu, aje na wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni. Kalamu iko kwa binti na maneno yako kwa mama. Elimu iliyomfikia mtoto haikumwacha mzazi ng'ambo. Imewasogeza wakaketi mkeka mmoja. Mgonjwa anauhitaji mkono wa mwanawe, na mkono ule hauna la kusahihisha.

Kisha iko ile orodha ya watano ambao binti anapaswa kuishi kwa radhi zao: Mwenyezi Mungu, Mtume, baba, mama, na mume. Nimeisoma tangu ujana, na ilinichukua miaka kumtambua asiyekuwemo. Mwalimu hayumo. Si kwamba Pate na Lamu zilikosa walimu. Hiyo ilikuwa miji ya wanazuoni. Ni kwamba mwalimu alifanya kazi yake ndani ya radhi ya wazazi, akiwa mkono wao mwingine. Hata methali yetu ya asiyefunzwa na mamaye inawajua walimu wawili tu, mama na ulimwengu. Jengo lenye kengele bado halijajengwa katikati yao.

Sidai kwamba chuo kilikuwa mahali pa upole. Waarabu na Waturuki wana usemi wa mzazi anapomkabidhi mwana kwa mwalimu: nyama yako, mifupa yetu. Ni usemi mkali, na migongo mingi imeulipia. Hata hivyo mzazi anayeutamka anamgawa mtoto, na fungu lisilooza anabaki nalo yeye. Shule ya serikali ilipokuja haikuuliza habari ya mafungu.

Shaaban Robert amesimama katikati ya nyakati hizo mbili. Yeye pia aliwausia watoto wake kwa tendi, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume, na mapigo ni ya Mwana Kupona yule yule. Ila Shaaban alikuwa mtoto wa shule. Alisoma Msimbazi, Dar es Salaam, katika miaka ya 1920, akawa karani wa serikali, akaandika kwa herufi za Kilatini, na wasia wake ukapigwa chapa. Hata jina Hati lina harufu ya ofisi: hati ni mwandiko, na hati ni karatasi ya kuthibitishia haki. Binti wa Mwana Kupona aliitwa alete karatasi. Binti wa Shaaban alipewa karatasi iliyokwisha kuandikwa. Baba msomi hakuuhitaji tena mkono wa mwanawe. Naona hasara hapo, ile ya kuketi pamoja. Lakini faida ipo, na mtoto wa bweni anaijua kuliko mtu mwingine yeyote: wasia wa Shaaban unaweza kusomwa ukiwa peke yako, usiku, mbali na kwenu, bila mtoto wa jirani.

Sasa twende Afrika Magharibi, kwa Camara Laye, aliyezaliwa Kouroussa nchini Guinea mwaka 1928 na kusimulia utoto wake katika L'Enfant noir, kitabu kilichotoka Paris mwaka 1953. Baba yake ni mhunzi na sonara anayeheshimika. Nyoka mdogo mweusi huingia karakanani, baba humpapasa, naye nyoka huyo ndiye mlinzi wa ukoo anayemjulisha mambo kabla hayajatukia. Siku moja baba anamweleza mtoto habari za nyoka huyo, na katika kueleza anaingiwa na huzuni. Siri ya namna ile haisomwi mahali. Hupatikana kwa kukaa na mzazi karibu na moto, siku baada ya siku, mpaka yenyewe ikuingie. Na mtoto hakai. Yuko shuleni, na kesho atakuwa shule ya mbali zaidi. Baba anaiona njia yote mapema. Neno lipo na mrithi yupo. Saa za kupokezana ndizo zimechukuliwa. Hakuna mwalimu katika kitabu hicho aliyemkataza mhunzi kumfundisha mwanawe. Ratiba ilitosha.

Mama ndiye aliyenifanya nikifunge kitabu kwa muda. Kijana ana miaka 15, anaondoka kwenda Conakry kwenye chuo cha ufundi, na mama anamkabidhi chupa iliyoagizwa Kankan, mji wa wacha Mungu. Aya zimeandikwa kwenye mbao, maandishi yakaoshwa kwa maji, maji yakakusanywa na kutiwa asali, ili kijana anywe na akili yake ifunguke. Mtu wa mwambao hahitaji maelezo zaidi. Ni kombe. Kwetu shehe huandika kwa zafarani iliyolowekwa katika marashi, kwenye sahani nyeupe, kisha sahani ikaoshwa na mtoto akanywa. Nimelinywa kombe kabla ya mtihani wa darasa la saba, na ladha yake ya marashi naikumbuka kuliko swali lolote la siku ile.

Kutoka pwani ya Tanga mpaka Kouroussa ni bara zima. Mama zetu hawa hawakusikiana. Lakini walikabiliwa na jambo moja: mtoto anaingia katika nyumba ya maandishi ambayo mama hakualikwa. Hawezi kukaa naye dawatini, ripoti hawezi kuisoma, mwalimu mkuu akimwita atasimama mlangoni na kanga yake ameshika kwa mikono miwili. Basi naye anachukua maandishi, yale anayoyajua yeye, anayayeyusha na kuyapitisha kooni mwa mwanawe. Wako wasomi waliopita wakaita hiyo imani ya kale inayoshindana na elimu. Mimi naona mama aliyekuwa akijiandikisha katika shule ya mwanawe kwa mlango pekee ulioachwa wazi.

Haikumtosha. Mwana alipopata nafasi ya kwenda Argenteuil, karibu na Paris, mama wa Laye alilipuka. Aliwashambulia kwa maneno wote waliomtaka mtoto wake, shule hii baada ya ile, mpaka sasa ng'ambo ya bahari. Baba, aliyekuwa amekwisha kulia kimoyomoyo miaka mingi nyuma, alimruhusu.

Katika Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga, riwaya ya mwaka 1988 kuhusu Zimbabwe ilipokuwa bado Rhodesia, mambo yamekwenda mbali zaidi ya hapo. Nhamo anarudi likizo kutoka shule ya misheni akiwa amekisahau Kishona. Mama hana tena lugha ya kuzungumza na mtoto aliyemzaa. Dada yake, ambaye ndiye msimulizi, anaona tusiloliona sisi wageni: likizuka jambo kubwa la kujadiliwa, Kishona cha Nhamo kinarudi chote, na lafudhi yake, kisha jambo likiisha kinapotea tena. Kusahau kule ni ukuta mwenye nyumba anaoujenga na kuubomoa apendavyo. Mama ndiye anayebaki upande wa pili, na tangu siku hiyo anaiogopa misheni kama mtu anavyoogopa maji yaliyomlia mtoto.

Nilidhani maumivu haya ni ya kwetu Waafrika, kwamba yametokana na lugha ya mkoloni, mpaka nilipomsoma Annie Ernaux. Yeye ni Mfaransa wa Normandy, aliyezaliwa mwaka 1940, mshindi wa Nobeli ya fasihi ya mwaka 2022. Kitabu chake La Place kinamhusu baba yake, mtu aliyetolewa shule akiwa na miaka 12 akafanye kazi shambani, baadaye akaingia kiwandani, na mwishowe akawa na mkahawa na duka dogo la vyakula katika mji wa Yvetot. Kitabu kinafunguka kwa binti kufaulu mtihani wa ualimu. Miezi miwili baadaye baba anafariki. Hapa hapana mkoloni wala nyoka. Wote ni Wafaransa, chini ya bendera moja. Na bado binti anarudi nyumbani akiwa mgeni.

Silaha ni lugha hapa pia, ingawa ni lugha moja. Baba anasema Kifaransa cha watu wa shambani, binti amejifunza cha vitabuni, na binti anamsahihisha. Anamwambia neno fulani halipo, namna fulani ya kutaja saa si sahihi. Baba anawaka hasira. Wanagombana mezani juu ya maneno, na neno moja la kuomba radhi halipatikani katika lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Ukurasa huo ninauona kama unanihusu mimi kwa jina. Mama yangu alizaliwa Mombasa, akaolewa Tanga, na mpaka anazeeka alisema ndoo kwa maana ya njoo, na ndia kwa maana ya njia. Nilirudi likizo ya kwanza nikiwa na Kiswahili sanifu kifuani kama beji. Ni njoo, mama, nikamwambia. Ni njia. Nilisema hivyo mbele ya shangazi zangu. Mkutano uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika Mombasa, katika mji wa mama yangu, nami nikawa mjumbe wa mkutano ule jikoni kwake. Hakugombana kama baba wa Ernaux. Alinyamaza, na kwa siku kadhaa kila akitaka kuniita alinitaja jina tu. Miaka mitano baadaye mwalimu wa fasihi alitufungulia Mwana Kupona, na katika ubeti wa tatu tu, mama anapomwita binti asogee, nikalikuta neno lile lile la mama, ndoo, mwalimu akilifafanua ubaoni kwa heshima kubwa. Mwalimu huandika kwa wino mwekundu darasani, na huko ndiko kwake. Mimi niliubeba wino huo nikaenda kumsahihishia aliyenipa ulimi.

Kuna tofauti moja kati ya Yvetot na Kouroussa ambayo sitaki ipotee. Mhunzi wa Laye ana kitu. Hata shule ikimchukua mwana, karakana inabaki na nyoka anaendelea kuja. Baba wa Ernaux amekwisha kufundishwa na nchi yake mwenyewe kwamba hana la kurithisha. Kikubwa kuliko vyote anachoweza kumpa binti ni ruhusa ya kumwacha. Alimpeleka shule kwa baiskeli, mvua na jua, na fahari yake ilikuwa kumwona binti akiingia katika ulimwengu uliomdharau yeye. Hana kombe. Hana tendi. Nimejiuliza mara nyingi yupi kati ya hawa wawili amepoteza zaidi, na kila nikijibu namwona baba wa baiskeli.

Wanjikũ, mama yake mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, hakujua kusoma, lakini hakukubali kuwa chini ya shule. Ngũgĩ anasimulia katika Dreams in a Time of War, kitabu cha mwaka 2010, kwamba mama ndiye aliyemuuliza kama anataka kusoma, mwaka 1947, wakaagana: mtoto hatalalamika kwa njaa wala shida, na atajitahidi kadiri ya uwezo wake. Kila alipoleta alama, hata zikiwa zote, mama aliuliza kama huo ndio mwisho wa juhudi yake. Swali hilo mwalimu hawezi kulisahihisha, kwa kuwa jibu lake halimo kwenye karatasi. Namkumbuka hapo mama wa Mengzi katika simulizi za kale za Wachina. Aliyehama mara tatu mpaka akapata nyumba jirani na shule ndiye huyo, na siku mwana alipozembea masomo aliikata nguo aliyokuwa akiifuma, ili aone masomo yaliyokatizwa yanafananaje. Mama huyo alihukumu kwa kitambaa chake, na Wanjikũ kwa swali lake. Wote wawili walibaki na fungu la mifupa.

Tukivipanga vitabu hivi kwa umri, jambo moja linajitokeza ambalo nilichelewa kuliona. Kwa Mwana Kupona na Shaaban Robert, mzazi ndiye anayeandika na mtoto ndiye anayeusiwa. Kwa Laye, Ernaux na Ngũgĩ, wasia umegeuka mkondo: mtoto anaandika, mzazi anaandikwa. Laye anakifungua kitabu chake kwa beti za kumwita mama yake, na anamwita kwa Kifaransa, lugha ya wale ambao mama aliwashambulia kwa maneno. Ngũgĩ, aliyepigania Kigĩkũyũ kwa miaka mingi, kumbukumbu za mama aliziandika kwa Kiingereza. Sisemi haya kuwalaumu. Mtoto aliyesomeshwa huandika kwa mkono aliopewa.

Ila Ernaux amefanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha uhakiki huu wote. Alipotaka kumwandika baba, alikataa mapambo ya fasihi aliyoyasomea. Alichagua mwandiko mkavu, wa habari tu, na anaeleza mwenyewe kwamba ndio ule ule aliokuwa akiutumia zamani kuwaandikia wazazi wake barua, kuwajulisha yaliyo ya lazima. Nikaikumbuka bahasha yangu. Mimi sijambo, hofu ni kwenu. Kwa miaka mingi nilizionea haya barua zile, nikiamini zilikuwa tupu. Baada ya kumsoma Ernaux nilianza kuona kwamba ule ukavu ulikuwa stara: nilimwandikia mama kwa namna ambayo hangeaibika wakati anasomewa, na yeye, nina hakika sasa, aliyasikia yaliyokosekana. Kila jibu lake, lililoandikwa na mtoto wa jirani yule yule, liliishia kwa kuniuliza kama nalala.

Mama amefariki. Daftari la upatu limebaki kwangu, limefungwa kwa kitambaa cha kanga. Mimi herufi za chuoni nazikumbuka kwa shida, na mama hakuwa akitia irabu. Wala hati yake haikujishughulisha na kila m na n, kama waandishi wengi wa zamani wa Kiswahili kwa herufi zile. Mwaka jana binti yangu alikuja likizo kutoka chuo kikuu, akataka kujua bibi yake aliandika nini. Tuliketi mkekani baada ya isha. Yeye alishika kalamu na karatasi, mimi nikafuata mistari kwa kidole, nikatamka, yeye akaandika kwa herufi anazozijua.

Katikati ya majina ya upatu tukakuta ukurasa usiokuwa na majina. Ulikuwa na vitu na bei zake. Shuka mbili. Sabuni. Nauli. Madaftari sita. Kisha neno fupi la herufi mbili, kafu na be, na bei iliyozidi sabuni na madaftari yakijumlishwa. Nikasoma koba, binti akaandika koba, tukaendelea mpaka chini. Lakini sikuwahi kuwa na koba. Nilikwenda bweni na sanduku la bati la baba. Nikarudi juu, nikalitazama lile neno tena, nikairudishia m iliyomezwa.

"Futa hilo," nikamwambia. "Andika kombe."